Usaha kwenye mrija wa nyongo: utolewe kupitia mdomoni au ubavuni?
Jiwe likiziba mrija wa nyongo na maambukizi yakaingia, homa hupanda, macho huwa manjano, presha hushuka. Hapo antibiotiki peke yake hazifui dafu. Mrija lazima ufunguliwe haraka.

Endoskopi ndiyo chaguo la kwanza, na kwa haki. Kamera hupitia mdomoni hadi utumbo mwembamba, pale mrija wa nyongo unapoishia, daktari hupenyeza kimrija cha plastiki kando ya jiwe, usaha humwagika palepale. Jiwe lenyewe laweza kusubiri mgonjwa apate nafuu. Cha kuchunga ni kongosho kuvimba kwa sababu ya kazi hiyo.

Sindano ya ubavuni, inayopenya ini hadi mrijani ili usaha utoke, humfaa ambaye upasuaji wa zamani umebadilisha njia ya chakula, kamera isifike. Ila damu isipoganda vizuri ni hatari, na mfuko wa kukingia nyongo unaoning'inia nje, kusema kweli, unachosha.