Uzoefu wangu: oili ya kawaida 15W-40 kwenye NZE ya familia hapa Mombasa

Gari yangu ni Toyota NZE, injini ya 1NZ ile ya sisi 1500 yenye VVT-i (mtambo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka), ishapita laki mbili kwenye kilomita, na kazi yake ni kupeleka watoto shule Tudor asubuhi, kazini, soko la Kongowea, Jumapili kwa mamangu Likoni, na likizo ikifika tunakwenda nayo Malindi au Voi. Ni gari ya nyumba hasa. Oili nnayotia sikuhizi ni Shell Helix HX5 15W-40, galoni ya lita nne, oili ya kawaida ile wanayoita minerali, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuizungumzia bila kubahatisha. Nimeridhika nayo, lakini kuna mambo kadhaa lazima niyaseme maana naona watu wanauliza "oili gani nzuri" halafu wanajibiwa jina la kampuni tu, na jina la kampuni ndo jambo dogo kuliko yote.

Gari ilipokuja kwangu ilikuwa na 20W-50 ndani. Ukienda gereji nyingi hapa, kuanzia Majengo mpaka Bombolulu, ukitamka tu sevisi fundi ashakwenda kuchukua 20W-50, na ukimuuliza kwanini atakwambia joto la Mombasa lataka oili nzito. Haya maneno nimeyasikia mpaka nimeyachoka, na hebu tuyaangalie vizuri. Mwezi wa tatu mchana hapa tunafika nyuzi 32 au 33, Nairobi siku hizo ni 27 hivi, tofauti ni nyuzi tano sita bas. Sasa injini ikishapata moto, themostati ya hii 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kazi yake ni kuyashikilia maji karibu na kiwango hicho, uwe uko Nyali ama uko Limuru, na oili nayo inakwenda kwenye 90 mpaka 100, na zaidi ukiwa kwenye mlima na mizigo. Yaani joto linaloipiga oili latoka ndani ya injini yenyewe, hizo nyuzi tano za hewa ya pwani ni kidogo sana mbele ya nyuzi 100, mradi feni yako inafanya kazi na rejeta haijaziba. Kama gari inachemka, tengeneza rejeta, usiiongezee unene wa oili ukadhani umetibu.

Zile namba nazo watu wanazisoma vibaya. Namba ya mwisho, 30 au 40 au 50, ndo unene wa oili ikiwa imeshachemka nyuzi 100. Namba 30 inakaa kati ya 9.3 na 12.5 kwenye kipimo cha unene kinachoitwa sentistoki, 40 inaanza 12.5 mpaka 16.3, na 50 inaanza 16.3 mpaka 21.9. Ile yenye W ni ya baridi, na hupimwa kwenye baridi kali ya chini ya sifuri ambayo sisi hapa hatuijui, kwa hiyo hakuna gari Mombasa itakayokataa kuwaka kwa sababu ya 20W. Lakini asubuhi oili ikiwa imelala usiku kucha, hata kwenye nyuzi 25 za hapa kwetu, 20W-50 ni nzito kama uji wa wimbi uliopoa, na lazima ipande juu mpaka kwenye hedi, ile sehemu ya juu ya injini, kabla ya vyuma kusuguana. Na VVT-i yenyewe inaendeshwa na presha ya oili, oili inapita kwenye valvu ndogo yenye kichujio chembamba sana, na tenshena, kile kinachoikaza cheni ya injini, pia inasukumwa na oili hiyo hiyo. Kwa injini iliyotengenezwa namna hii, oili nene zaidi si bora zaidi.

Sisemi 20W-50 ni sumu, msinielewe vibaya. Vitabu vya Toyota vya nchi za joto vinaionesha pamoja na 15W-40 kwenye ule mchoro wa hali ya hewa, na kuna injini nzee zilizochoka kabisa ambazo zinaihitaji ili presha isishuke. Na kitabu cha gari yangu kilichokuja nayo kutoka Japani chataja 5W-30 na 10W-30. Nimepita 5W-30 pia, injini ilikuwa laini sana lakini kwa umri wake ilikuwa inapunguza oili kati ya sevisi moja na nyingine, na 5W-30 nyingi ukizikuta dukani ni semi au fuli sinthetiki, yaani oili ya kutengenezwa kwa kemia nusu au yote, bei inakaribia mara mbili. 15W-40 ikawa ndo katikati pangu.

Nnayoyaona mimi. Asubuhi ule mlio wa cheni wa sekunde za kwanza umepungua ukilinganisha na wakati wa 20W-50, unawasha, unasikia kidogo, umekwisha. Kupunguza oili inapunguza kidogo tu, naongeza mara moja kabla sevisi haijafika, na kwa injini yenye umri huu naona ni sawa. Petroli sikuona tofauti ya maana, anayekwambia oili ya kawaida itakupunguzia petroli anakuuzia. Na inakuwa nyeusi mapema. Hili jirani yangu lilimtia wasiwasi sana, akachomoa kile kijiti cha kupimia akaniambia dada hii oili yako imekufa. Haijafa. Ndani yake kuna dawa ya kuosha injini, na kazi ya dawa hiyo ni kubeba masizi isiyaache yakaganda kwenye vyuma, kwa hiyo kubadilika rangi ni dalili kwamba inafanya kazi. Oili ambayo miezi mitatu bado ni ya dhahabu kwenye injini ya zamani ndo ningeiuliza maswali.

Sasa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kampuni na kuliko hata unene, ni zile herufi za API, chama cha mafuta cha Marekani kinachopanga viwango vya oili, nyuma ya galoni. Geuza galoni. Utaona API halafu herufi mbili, ikianza na S ni ya petroli, ikianza na C ni ya dizeli, mara nyingi zinaandikwa zote pamoja. Ile ya pili kadiri inavyokwenda mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa: SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na ya mbele inafaa pia gari za nyuma. Galoni yangu imeandikwa SN na kwa NZE hiyo inatosha kabisa. Lakini madukani yetu bado kuna galoni za bei ya chini mno zimeandikwa SF, na SF ni ya injini za 1988 kurudi nyuma! Mtu ananunua akifurahia kuokoa mia nane, galoni imeandikwa 20W-50 kwa herufi kubwa mbele, picha ya gari nzuri inang'aa, halafu nyuma kwa maandishi madogo ni SF. Hiyo si oili feki, ni halali, ila ni ya injini ya babu yake na gari yako. Mkitoka na kitu kimoja hapa naomba kiwe hiki, geuzeni galoni msome.

Halafu feki zipo, tena nyingi. Kuna duka moja la spea, nililetewa galoni ambayo ile pete ya mfuniko ishaachana kabla sijaigusa, nikafungua nikanusa, harufu ya kuungua kama oili iliyokwisha tumika, na muuzaji ananiambia hizi zote huja hivi. Nilimrudishia hapo hapo. Tangu hapo nanunua kwenye kituo cha petroli cha kampuni yenyewe au kwa wakala mkubwa, na nakagua pete, naangalia tarehe ya kutengenezwa kama inasomeka, na ile alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Chini ya alama kuna namba ya kibali, unatuma meseji kwenda 20023, unaandika SM# halafu namba, inakujibu ni bidhaa gani, kampuni gani na kibali chaisha lini. Inachukua dakika moja ukiwa umesimama kaunta. Jina likija tofauti na la kwenye galoni usilipe. Na oili ya drum ile ya kupimiwa kwa jagi sitii kwa gari yangu, hata iwe rahisi vipi, maana huna cha kugeuza ukasoma.

Kwenye kutia pia kuna mambo. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta, galoni ni lita nne, na mafundi wengi wanamimina yote. Fundi wangu wa kwanza tulibishana hapo:

"Mamangu kidogo ikizidi haidhuru, afadhali izidi kuliko ipungue."

"Fundi nakuomba acha hiyo iliyobaki, nitaongezea nayo baadaye."

Akacheka lakini akaiacha. Ile robo na kitu inayobaki ndo nnayoongeza katikati ya sevisi, sina haja ya kununua chupa ya lita. Ikizidi sana kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inapigwa na kranki inayozunguka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Pima gari ikiwa sehemu sawa, injini imezimwa ikatulia dakika kadhaa, futa kijiti, tumbukiza tena, oili iwe kati ya alama mbili karibu na ile ya juu. Na mwambie fundi atie washa mpya (ile pete ndogo ya kuzuia kuvuja) kwenye nati ya sampu na apake oili kidogo kwenye mpira wa filta kabla hajaifunga, hivi ni vitu vya shilingi chache na ndivyo vinavyoacha madoa chini ya gari.

Kuhusu lini ubadilishe, mimi ni 5,000 au miezi sita, kitakachotangulia, na hapa siachi nafasi ya mjadala kwa oili ya kawaida. Watu wanasema mbona kilomita hazijafika. Kaa foleni ya feri Likoni injini inanguruma eisi iko on, watoto nyuma wanalalamika, geji ya kilomita haisogei hata moja lakini oili inapikwa. Na safari fupi ndo mbaya zaidi, nyumba mpaka shule mpaka kazini, oili haipati moto wa kutosha muda mrefu kuchoma maji na petroli iliyoingia ndani yake, na sisi na unyevu wetu huu wa bahari ukifungua kifuniko cha injini ya mtu wa safari fupi utakuta utando mweupe mweupe mzito umeganda chini yake. Ukiuona na maji ya rejeta hayapungui, ipeleke gari Mariakani na kurudi, iende mwendo mrefu ipate moto, halafu badilisha oili. Ukiuona na maji yanapungua, hiyo ni kesi ya gasketi ya hedi kuvuja, nenda kwa fundi haraka. Mimi hesabu yangu ni hii: nikinunua fuli sinthetiki nikailaza ndani mwaka mzima kwa kuwa ni ghali, injini yangu itapata shida kuliko nikitia ya kawaida nikaibadilisha kwa wakati, na pesa ni zile zile.

Galoni tupu usimwachie mtu. Naichoma bisibisi pale pale gereji, matundu mawili matatu, sababu galoni zima lenye karatasi yake ndo mtaji wa wanaotengeneza feki. Oili chafu nayo fundi anaiweka kwenye mtungi, huwa inachukuliwa na watu wa kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, muhimu isimwagwe mtaroni maana mitaro yetu yaishia baharini na samaki ni wa kwetu sisi.

Na tafadhali msininakili kama gari yenu si ya aina hii. Shemeji yangu ana Aqua, akataka anunue galoni kama yangu kwa sababu ya bei, nikamwambia la, hiyo ni haibridi, ya petroli na umeme, kitabu chake ni 0W-20 na ndo uitilie. Gari yenye taabo (turbo), Subaru za taabo hasa, oili ya kawaida inaungua kwenye taabo hata kabla ya sevisi. Volkswagen na gari za Ulaya zina namba zao za kiwanda kama 502 00, zitafute kwenye galoni kabla ya kitu kingine chochote. Lakini NZE, Probox ya zamani, Wingroad, Sunny B15, Toyota 110, injini hizi za kawaida zisizo na taabo, 15W-40 yenye SL kwenda juu kutoka duka la kuaminika inazitosha.