Uzi Kwanza: Mwongozo wa Kununua Uzi wa Kushonea Viti vya Gari la Zamani

Wasomaji wenye magari ya zamani wananiandikia kuhusu viti kuliko kitu kingine chochote. Mmoja yuko Jinja, ana Peugeot 504. Alijikamua akanunua ngozi nzuri, fundi akashona vizuri, na mwaka haujaisha mshono wa juu wa kiti cha nyuma ukaachia kutoka mlango hadi mlango. Ngozi yenyewe haina hata mkwaruzo. Mwingine wa Mbale ana Mercedes W123, na kilio chake ni hicho hicho, mahali pale pale.

Mahali hapo ni chini ya kioo cha nyuma. Kioo cha mbele kikiwa cha tabaka mbili, kile chenye plastiki katikati, huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua inayodhoofisha uzi. Vioo vya pembeni na cha nyuma kwa kawaida ni vya tabaka moja, na mionzi mingi inapita. Sisi wa Uganda nasi tuko kwenye ikweta, mstari wenyewe unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, kwa hiyo hakuna msimu ambao jua linakihurumia kiti. Gari likishinda nje mchana kutwa, mshono wa juu wa kiti cha nyuma unapigwa jua mwaka mzima. Ngozi inavumilia. Uzi mbaya hauvumilii.

Kwa hiyo sitasema lolote kuhusu rangi ya ngozi wala nakshi ya reksini, ile ngozi ya bandia. Hayo kila mtu anayaangalia. Nataka tuzungumze uzi, kwa sababu ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima na ndicho kinachoiua.

Kosa la kwanza linatokea kwenye namba. Koni nyingi za Kiyembe, mtaa wa vitambaa Kampala, zina maandishi 40/2. Huo ni uzi wa nguo, poliesta ya nyuzi fupi zilizosokotwa, unene wake ni kama Tex 30. Tex ni uzito kwa gramu wa mita 1,000 za uzi, kwa hiyo Tex kubwa ni uzi mnene. Sasa kuna uzi wa viwandani wenye tiketi namba 40, ambao ni Tex 70 hivi, zaidi ya mara mbili ya ule wa nguo. Mteja anaomba "namba 40", muuzaji anampa 40/2, na wote wawili wanaamini wameelewana. Na kwenye tiketi hesabu inageuka: namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Tiketi 30 ni kama Tex 90, tiketi 20 ni kama Tex 135. Kwa viti vya gari omba tiketi 30. Paneli za milango na kitambaa cha darini vinatosheka na tiketi 40. Tiketi 20 iache kwa mishono ya urembo inayotakiwa kuonekana.

Ukiwa dukani, vuta kipande cha uzi ukiinue kwenye mwanga. Ukiona vinywele vinasimama pande zote kama manyoya ya kifaranga, huo ni wa nyuzi fupi, urudishe. Uzi wa viti ni laini, unang'aa kidogo, hauna nywele. Kisha ukate na ujaribu kuifungua ncha kwa kucha. Uzi uliogandishwa kwa gundi ya kiwandani haufumuki kirahisi, na ndiyo maana unavumilia kupita kwenye sindano nene mara nyingi bila kuchanika. Mwisho choma ncha. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta inayeyuka kwa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu nyeusi. Nailoni inayeyuka pia, lakini shanga yake ni ya kijivu au hudhurungi. Muuzaji akikukataza kuchoma sentimita mbili za uzi anaotaka ulipie koni nzima, ondoka.

Chaguo langu la kwanza ni Amann, na sitajifanya sina upande. Ni kampuni ya Wajerumani wa Bönnigheim, imekuwa kwenye uzi tangu mwaka 1854. Serabond yao ni poliesta iliyogandishwa, na ndiyo ninayotaka kuiona juu ya kiti cha nyuma, kwenye paipingi (ule ukingo wa duara unaozunguka kiti) na popote jua linapofika. Serafil yao haikugandishwa lakini ni poliesta ya nyuzi ndefu zisizokatika, inapita vizuri kwenye cherehani, na inafaa sehemu zote zilizobaki. Ninachokipenda ni kwamba lebo inasema ukweli: aina, tiketi na namba ya rangi. Ukirudi baada ya miaka kadhaa kurekebisha kiti kimoja, unaagiza rangi ile ile kwa namba.

Ya pili ni Dabond ya Coats, nayo ni poliesta iliyogandishwa ya kazi za nje. Ukiikuta na Amann hakuna, chukua bila kusita.

Ya tatu ni nailoni iliyogandishwa, kwa mfano Nylbond ya hao hao Coats. Mafundi wengi wanaipenda, na wana sababu: ina nguvu, inavutika kidogo mtu anapokaa, inastahimili msuguano. Lakini juani inapoteza nguvu haraka kuliko poliesta. Itumie sehemu ya kukalia, pembeni za chini, mahali ambapo mwili unasugua na jua halifiki. Usiipandishe juu ya kiti cha nyuma. Kosa la gari la Mbale lilikuwa hilo. Mwenyewe alinitumia kipande cha uzi, nikakichoma, shanga ikatoka hudhurungi.

Uzi wa Tenara nimeulizwa sana. Umetengenezwa kwa PTFE, plastiki ile ya vikaango visivyogandisha, na jua haliuwezi. Ni ghali mno, unateleza, mafundo hayashiki vizuri, na kazi yake halisi ni turubai la gari la paa wazi au la mashua. Ndani ya gari la kawaida lenye paa gumu huuhitaji.

Uzi usio na lebo, wa bei ya chini: usinunue.

Usiisahau sindano. Tiketi 40 inataka namba 18, tiketi 30 inataka 19 au 20. Kwa ngozi tumia sindano yenye ncha ya kukata. Kwa reksini tumia yenye ncha ya mviringo, maana ile ya kukata inaikata reksini yenyewe. Urefu wa mshono uwe milimita 3.5 hadi 4, usifupishe ukidhani unaimarisha, matundu yakikaribiana reksini inachanika kwenye mstari. Na cherehani iwe ya mguu unaotembea, unaosukuma tabaka zote pamoja, kama za Juki au Consew. Butterfly ya kanyagio ni mashine nzuri ya sare za shule, lakini tabaka nne za ngozi na paipingi inaziburuta bila usawa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasiagize vifuniko vilivyoshonwa tayari. Kwa Land Rover ya zamani nakubali, Exmoor Trim wa Uingereza wanavitengeneza na umbo lake ni rahisi. Kwa Morris Minor kuna Newton Commercial, kwa Volkswagen Beetle kuna TMI wa Marekani. Lakini kodi inahesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inapanda juu yake, na kiti kinakuwa ghali kuliko injini. Kwa 504 na W123 shona hapa, ukikifumua kifuniko cha zamani kiwe kielezo. Na ukiagiza nje, uliza uzi. Wauzaji wanaandika aya tatu kuhusu harufu ya ngozi na neno moja hawasemi kuhusu kinachoishikilia.

Beetle ina jambo lake. Chini ya kifuniko kuna pedi ya makumbi ya nazi yaliyoshikanishwa kwa mpira, na W123 nayo ina pedi za namna hiyo juu ya springi. Mafundi wanazing'oa na kuweka sponji ya godoro. Sponji hiyo inalala mapema, kifuniko kinalegea, na mshono unaanza kubeba uzito usio wake. Pedi ikiwa nzima, iache.

Sasa wauzaji. Wananunua koni kubwa, wanaigawa kwenye vikoni vidogo, lebo inatupwa. Wanauza nailoni kwa jina la poliesta kwa sababu zote zinang'aa. Wakisikia neno Mercedes bei inapanda papo hapo, kana kwamba uzi unajua unakwenda kwenye gari gani. Nimemwambia mmoja abandike tu kipande cha ile lebo ya asili kwenye kila kikoni, akanijibu, "Mama, uzi ni uzi." Mtu analipa mamilioni ya shilingi kwa ngozi, halafu anauziwa kwa kubahatisha kile kinachoiunganisha. Linaniudhi kila mara.

Ndiyo maana nasema nunua koni yako mwenyewe, yenye lebo, umpelekee fundi. Mshono mmoja hula uzi kama mara tatu ya urefu wake, na koni ya mita 1,000 kwa kawaida inatosha viti vya gari dogo. Kaa hapo wakati anajaza bobini. Mafundi wengine wanaweka uzi wako juu na 40/2 chini, kwa sababu chini hakuonekani, na mshono wa cherehani una nguvu ya uzi wake dhaifu. Kabla kifuniko hakijavutwa juu ya kiti, kigeuze, uangalie mstari wa ndani kwenye mwanga. Ukiona vinywele, afumue.