Kamera ndogo zisizo na kioo: anza na lenzi, bodi baadaye

Panasonic Lumix GM1 ya mwaka 2013 ina uzito wa gramu 204, betri na kadi zikiwa ndani. Lenzi iliyouzwa nayo, zumu ya milimita 12 hadi 32, ina gramu 70. Jumla ni gramu 274 za kamera inayoingia mfuko wa koti, na bado lenzi hiyo unaitoa na kuweka nyingine. Sasa chukua Sony A7C ya mwaka 2020, nayo ikiwa imesifiwa kwa udogo. Bodi, yaani kamera bila lenzi, ni gramu 509, si mbaya hata kidogo. Ifungie lenzi ya Sony ya milimita 24 hadi 70 f/2.8 GM (namba ya f ni kipimo cha tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), toleo la kwanza, yenye gramu 886, na shingo yako inabeba karibu kilo 1.4.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Wanapima bodi dukani, wanafurahi, halafu lenzi inakuja kuharibu hesabu yote. Raha ya kamera hizi haiwezi kutenganishwa na lenzi utakayoiacha imefungwa mbele siku nzima, kwa hiyo tathmini hii inaanzia huko.

Kwanza, ni nini hasa kilichopunguzwa? Kwenye DSLR, kamera za kidijitali za mtindo wa awali, kuna kioo cha kuakisi kati ya lenzi na sensa, kile kipande kinachopokea picha, na kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuinukia. Ndiyo sababu mdomo wa kufungia lenzi kwenye mfumo wa Canon EF unakaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, na kwenye Nikon F milimita 46.5. Mwaka 2008 Panasonic na Olympus walitangaza mfumo wa Micro Four Thirds, na Lumix G1 ikatoka mwaka huohuo bila kioo: umbali ule ukashuka hadi milimita 20 hivi. Baadaye Sony E ikawa milimita 18, na Nikon Z milimita 16. Bodi ikawa nyembamba, na lenzi za pembe pana zikapata nafuu kubwa, kwa sababu mtengenezaji halazimiki tena kuongeza vioo vya kusukuma taswira ivuke pengo la kile kioo.

Lenzi za mbali hazikupata nafuu hiyo. Milimita 300 ya f/4 inahitaji mlango wa mwanga wenye upana wa milimita 75, kuwe na kioo au kusiwe. Kinachopunguza lenzi za namna hiyo ni ukubwa wa sensa. Sensa ya Micro Four Thirds ni milimita 17.3 kwa 13, ya APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6 kwa kampuni nyingi, na ya fulu fremu ni 36 kwa 24. Kwenye Micro Four Thirds, lenzi ya milimita 150 inakupa upana uleule wa mandhari ambao milimita 300 inakupa kwenye fulu fremu. Gharama yake ijulikane mapema: f/1.7 kwenye sensa hiyo ndogo inapima mwanga kama f/1.7 yoyote, lakini ukungu wa nyuma ya mtu unafanana na wa f/3.4 kwenye fulu fremu, na usiku chenga za picha zinaonekana mapema zaidi. Kwa picha za safari, familia na mtaani, biashara hiyo inalipa. Anayepiga ndani ya kumbi zenye giza kila wiki aende fulu fremu, na akubali uzito.

Lenzi zinazoifanya kamera ya aina hii ipendeke ni chache na zinajulikana. Panasonic 20mm f/1.7 ina urefu wa milimita 25.5 na uzito wa gramu 100 katika toleo la kwanza. Picha zake ni kali tangu f/1.7 yenyewe. Kasoro yake ni fokasi. Mota inasogeza fungu zima la vioo, hivyo inakwenda polepole na inasikika ikikoroma, na kwa video haifai. Olympus 45mm f/1.8, gramu 116, ndiyo lenzi ya kwanza ya sura za watu ambayo mwenye mfumo huu anapaswa kuitafuta: ni nyepesi kiasi cha kusahaulika mfukoni, na fokasi yake ni ya haraka na ya kimya. Upande wa Fujifilm kuna XF 27mm f/2.8, gramu 78 katika toleo la mwanzo. Sony 16-50mm inayojikunja, gramu 116, ni ndogo kweli, ila ikiwa milimita 16 mistari inapinda sana na kamera inanyoosha kwa programu. Pembe za picha zinalegea kwa sababu zimevutwa. Punguza tundu lake hadi f/8 itakutendea haki. Kuitegemea kama lenzi pekee kunaidhulumu sensa iliyo nyuma yake.

Faida ya pili iko kwenye kitazamio cha kielektroniki. Unaona picha ilivyo kabla ya kubonyeza: mwanga ukizidi, michirizi iitwayo pundamilia inatokea kwenye sehemu zilizoungua, ukifokasi kwa mkono, kingo zilizo kali zinapakwa rangi. Anayejifunza anaelewa kasi ya shata (pazia linaloruhusu na kuzuia mwanga) na tundu la lenzi kwa haraka ambayo DSLR haikuwahi kumpa. Kuna mtego mmoja tu: ukitumia flashi ya studio kwa 1/125, f/8 na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, kitazamio kinakuwa giza tupu kwa sababu kamera inaonyesha mwanga wa chumba, haijui flashi inakuja. Ingia kwenye menyu, tafuta mpangilio wa kuonyesha athari za mwanga kwenye skrini, uuzime. Wengi wamerudisha kamera nzima kwa kudhani imeharibika.

Shata nayo inataka uangalifu. Kwenye kamera hizi shata huwa wazi muda wote ili sensa ione. Ukibonyeza, inafunga kwanza, inafungua, inafunga, inafungua tena. Mshtuko wa ule mfungo wa kwanza unaweza kutikisa bodi nyepesi, na matokeo ni picha zenye kingo zinazojirudia mara mbili, hasa kati ya 1/60 na 1/200. Watu hulaumu lenzi. Dawa ni kuwasha pazia la kwanza la kielektroniki, yaani sensa yenyewe ianzishe picha badala ya pazia, na kishindo hicho kinaondoka. Lizime tu unapopiga kwa kasi kubwa, tuseme 1/2000, tundu likiwa wazi kabisa, kwa sababu hapo linaweza kukata duara za mwanga za nyuma au kuleta giza upande mmoja wa picha.

Shata ya kielektroniki kamili, isiyosogeza pazia lolote, haina sauti kabisa, na kwa arusi, ibada au mtoto aliyelala ni neema. Lakini sensa nyingi za kamera ndogo zinasomwa mstari kwa mstari, na usomaji huo unachukua sehemu ya sekunde inayohisika. Gari likipita, magurudumu yanalala upande. Fimbo ya gofu inapinda kama uta. Chini ya taa, tatizo ni michirizi ya giza. Penye umeme wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo weka 1/100 au 1/50. Penye hezi 60, weka 1/60 au 1/125. Michirizi ikibaki, taa hizo zina mdundo wao wenyewe: rudi kwenye shata ya kawaida. GM1 tuliyoanza nayo inaonyesha vizuri udogo unavyodai malipo, maana shata yake ya mitambo inaishia 1/500, na kasi zote za juu ya hapo ni za kielektroniki.

Betri ni udhaifu wa kweli. Skrini au kitazamio kinakula umeme hata usipopiga picha. Bodi ndogo hupimwa kwa picha mia mbili na kitu hadi mia nne kwa chaji moja. A7C, yenye betri kubwa ya NP-FZ100, inapita 600. Nunua betri ya pili siku ileile ya kamera, na uweke muda wa kujizima kuwa dakika moja.

Vumbi linaingia kirahisi, kwa sababu ukitoa lenzi sensa iko palepale mlangoni. Zima kamera, elekeza mdomo chini, uwe na lenzi ya pili mkononi kabla hujaitoa ya kwanza. Kuhakiki, weka f/16, ISO ya chini, vuruga fokasi, upige ukuta mweupe au anga tupu. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi la sensa. Puliza kwa pampu ya mpira, kamera ikiangalia chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Usitumie kopo la hewa ya shinikizo, kemikali yake inaruka kwenye kioo cha sensa. Na kama bodi yako inafunga shata ikizimwa, yale mapazia membamba usiyaguse hata kwa kidole.

Ufupi ule wa umbali kati ya lenzi na sensa unaleta starehe nyingine: karibu lenzi yoyote ya zamani inafungika kwa adapta, maana zote zilitengenezwa kwa pengo kubwa zaidi. Ukiifunga, kamera huenda ikagoma kupiga. Ruhusu kwenye menyu ipige bila lenzi. Kisha ingiza urefu wa lenzi, kwa mfano 50, kwenye mfumo wa kutuliza mtikisiko, kwani kamera haiwezi kuusoma, na namba isiyo sahihi inaweza kuongeza mtikisiko badala ya kuutuliza. Fungua tundu lote, kuza taswira kwenye kitazamio, fokasi, ndipo ufunge hadi f/5.6. Alama ya mbali kabisa kwenye pete usiiamini: adapta nyingi hufanywa fupi kidogo kwa makusudi, hivyo pete inapita ukomo. Adapta inayocheza ukiishika irudishe, itakupa upande mmoja mkali na mwingine uliolegea.

Kamera hizi zinafaa sana kununuliwa zikiwa zimetumika, ila chungulia kitazamio kwanza. Kamera iliyoachwa mezani mgongo ukiangalia jua hupata doa, kwa sababu kioo cha kukuzia kinakusanya miale kwenye ile skrini ndogo ya ndani. Washa, elekeza kwenye karatasi nyeupe, tafuta doa la njano au zambarau. Piga ile picha ya f/16. Tikisa lenzi taratibu ikiwa imefungwa, isicheze. Fungua kifuniko cha waya za nje, uangalie kama tundu la HDMI ndogo halijalegea, maana hilo huvunjika mapema na mara nyingi kulibadilisha ni kubadilisha ubao mzima.