Flashi ya katuni za Biblia niliyonunua Bagamoyo, Yona kakatwa mkia

Mwezi uliopita nilinunua flashi ya katuni za Biblia hapa Bagamoyo, kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, elfu kumi na tano, GB 16, kijana akaniambia dada zimo ishirini na zote Kiswahili, nikasema haya lete, maana dogo wangu ana miaka 6 na kutwa anaangalia mikatuni ya kupigana ambayo hata lugha yake haijui. Waliotengeneza siwataji, sina ugomvi nao.

Nianze na iliyonikosha, Daudi na Goliathi. Picha safi, haikwami, na pale Daudi anapomkata jamaa kichwa wamepapita, kwa kweli nikashukuru, mtoto wa miaka 6 jiwe la paji la uso linamtosha. Msimulizi akasema urefu wa Goliathi ni dhiraa sita na shubiri moja, dogo akaganda, mama dhiraa ni nini, basi ikabidi nimpimie ukutani, kiwiko mpaka ncha ya kidole, moja, mbili, tatu, ya tano niko juu ya stuli, ya sita haijaisha nishagusa siling bodi. "Kumbe asingeenea humu ndani!" Sidhani kama atakuja kusahau. Ila kesho yake kachana kanga yangu katengeneza kombeo, ndoo ya jirani ikapata ufa, nimelipa.

Sauti sasa, hapo ndo shida. Mtu mmoja kaigiza karibu wote, Nuhu na mke wa Nuhu sauti ile ile ila mmoja kabana pua, na muziki unafunika maneno, ukiongeza usikie wanachosema mara inapiga radi mtoto anaruka. Na Bagamoyo hapa tuna TaSUBa, chuo cha sanaa, vijana wanaosomea kuigiza wamejaa, yaani wangetafuta hata watatu tu jamani.

Haya, Yona. Siku hiyo dogo alikuwa na mwenzie wa nyumba ya pili, anasoma madrasa, na babu yake akaja kumchukua akasimama mlangoni, mzee wa watu alikuwa nahodha wa jahazi enzi zake, Unguja kwenda na kurudi. Shikamoo mzee, marahaba, huku macho yapo kwenye TV. Dhoruba imechachamaa. "Mwanangu, nahodha gani huyu? Upepo wote huu hatui tanga? Na shehena mbona haitoswi?" Nikacheka, ila baadaye nikafungua Biblia, kweli sura ya 1 mabaharia wanatosa shehena, katuni imeliruka hilo.

Kumbe hilo dogo. Yona kamezwa, katapikwa, kaenda Ninawi, watu wametubu, wimbo, mwisho. Yule mtoto wa madrasa akauliza, "Huyu si Nabii Yunus? Mmung'unye wake uko wapi?" Kwao mmea unaota akishatupwa ufukweni, kwetu unakuja mwishoni na Biblia yangu ya Union inauita mtango, nikamwambia subiri utakuja. Haukuja. Nikarudisha nyuma, wapi. Sura ya 4 yote haimo. Babu yake akamwita kwa upole tu, twende, sisi manabii hatuwachori, nikaona aibu, siku hizi nauliza kwanza kabla sijamkaribisha mtoto wa watu kuangalia.

Sasa bila sura ya 4 Yona ni nani? Katuni inasema alikimbia kwa kuwaogopa watu wa Ninawi. Hapana bwana, pale 4:2 anasema mwenyewe, alikimbilia Tarshishi kwa sababu alijua Mungu ni wa huruma na atawasamehe wale, na yeye hakutaka wasamehewe. Ndo maana wakisamehewa ananuna, anakaa nje ya mji, mtango unamfunika kwa kivuli, buu linautafuna, jua linamchoma anaomba kufa, na Mungu anamuuliza unauhurumia mtango usioupanda, mimi nisiihurumie Ninawi yenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia na kushoto, na mifugo kibao? Utamu wote uko hapo. Mtoto anayejua kumnunia mwenzie aliyesamehewa na mama angeelewa vizuri tu.

Kinachoniuma zaidi, shemeji alishatuletea ile katuni ya Yona ya VeggieTales, ya 2002, ya Wamarekani nikaikataa, nikaona dhihaka, mboga zinaongea, hazina hata mikono maana walipoanza 1993 kompyuta zao kuchora mikono ilikuwa mtihani, nabii kawa asparagasi, watu wa Ninawi wanachapana samaki usoni. Juzi nimeiangalia mpaka mwisho. Buu yupo, mmea unaliwa, Yona anaachwa kanuna vile vile. Hii yangu ya kanzu na ndevu, inayoonekana ya heshima, ndo imekata.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa Daudi inunue. Yona nimemmalizia mwenyewe kwa mdomo, sura ya 4 mistari 11 tu, taa imezimwa, nikafika mwisho nikijua dogo kashalala, kimya, mara, "Mama, lile buu lilishiba?"