Thali ya Gopi, Ahmedabad: mithai inaliwa pamoja na chakula, usiiweke mpaka mwisho

Nimekaa Ahmedabad, jimbo la Gujarat huko India, wiki tano, tumeingia mwisho wa Desemba, nimempeleka mama kufanyiwa operesheni ya goti, na naandika hii kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kwenda kule na mgonjwa maana hospitali watakuelekeza vipimo, watakuelekeza dawa, watakuelekeza hadi laini ya simu ununue wapi, ila chakula hakuna anayekuelekeza, na sisi siku za mwanzo tumeteseka jamani, tulikuwa tunashindia mkate na ndizi chumbani kwa sababu tukitoka nje kila ubao umeandikwa Kigujarati na hatujui tuingie wapi.

Aliyetutoa huko ni nesi mmoja wa wodini, akatuambia nendeni Gopi Dining Hall, iko Ellisbridge inatazamana na Town Hall, mwambie dereva wa bajaji hivyo hivyo tu anapajua. Kweli anapajua. Ni nyumba ya thali, na kwa ambaye hajawahi kula thali, ni sahani kubwa ya stili yenye vibakuli vidogo vidogo vimepangwa pembeni, unakaa tu na hakuna wa kukuuliza utakula nini, wahudumu wanapita na ndoo zao za stili mmoja baada ya mwingine, huyu dengu, huyu viazi, huyu biringanya, huyu rotli, yani chapati nyembamba, za moto zimepakwa samli, unalipa bei moja na unaongezewa mpaka useme basi. Na ukisema basi wanakuelewa, kwao pia ni "bas", mama alifurahi sana alipogundua hilo, siku zote alizobaki akawa hahitaji mkalimani mezani. Nyama hamna kabisa, lijue hilo kabla hujaenda, na wala hutaikumbuka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikae niandike. Siku ya kwanza ile sahani haijajaa hata nusu, kibakuli cha kwanza kabisa kuwekwa mbele yangu kilikuwa na shrikhand. Shrikhand ni mtindi uliofungwa kwenye kitambaa ukaning'inizwa mpaka maji yote yatoke, ukabaki mzito kama jibini laini, halafu unapigwa na sukari, iliki na zafarani. Mi nikakisogeza pembeni. Nimelelewa hivyo, kitu kitamu ni cha mwisho, mtoto akianza na kitamu anaambiwa utaharibu tumbo. Mhudumu mmoja mzee akaona, akasimama, hakusema Kiingereza hata neno moja, akaninyooshea kidole kwenye puri, vile vichapati vidogo vya kukaanga kwenye mafuta, halafu kwenye shrikhand, halafu kwenye viazi vya mchuzi, akarudia tena puri, shrikhand, viazi, akaniangalia mpaka nilipofanya.

Jamani. Puri ya moto imevimba unaipasua inatoa mvuke, unachota nayo ile shrikhand ya baridi, unatia mdomoni, tamu, iliki inapanda puani, alafu hapo hapo unachukua kipande kingine unachovya kwenye mchuzi wa viazi wenye haradali na pilipili, na ile pilipili haikuunguzi tena kama mwanzo, inakuwa na ladha. Ukirudi kwenye tamu nayo inakuwa mpya. Ukila tamu yote mwisho kijiko cha tatu tu ulimi umeshachoka, ila ukila hivi kwa kubadilisha badilisha kila tonge linaliandalia linalofuata, na mwishoni unanywa chaas, yani maziwa ya mtindi yaliyozimuliwa kwa maji yakatiwa chumvi na jira, mdomo unasafishika unatoka mwepesi.

Mama ni mtu wa Tanga, alikula kimya kwa muda akaniambia, "Mwanangu, mbona hii ni kama ndizi mbivu kwenye pilau." Na ndio hiyo hiyo! Sisi wa pwani tunashangaa nini? Unakula pilau na ndizi mbivu, tonge la wali pembe ya ndizi, hakuna anayesema subiri ndizi mpaka umalize. Mahamri yana sukari na iliki na tunayachovya kwenye mbaazi za nazi zenye chumvi na pilipili, asubuhi kabisa. Tunayafanya hayo tangu utoto ila mithai ya Kihindi tumeizoea kwa kuinunua kwenye boksi, tunakula na chai wageni wakija, kwaiyo tunakutana nayo ikiwa peke yake, na ikiwa peke yake watu wengi wanasema hii imezidi sukari. Haijazidi, imekosa mwenzake tu.

Wagujarati wenyewe wamelichukulia hili jambo kwa uzito kiasi kwamba hata dengu zao zina sukari guru. Dengu ni nyepesi kama supu, ina uchachu wa ndimu au kokam, tunda chachu la kule, karanga nzima zinaelea humo, na utamu unausikia kwa mbali. Kadhi pia, ule mchuzi mweupe wa mtindi na unga wa dengu, una sukari. Naomba hapa wenye kisukari mnisikilize vizuri, usidhani ukikwepa kibakuli cha mithai umemaliza, sukari iko kwenye dengu na kwenye kadhi na mara nyingine kwenye mboga, uliza kabla. Tulikuwa na dada mmoja kutoka Mwanza naye alileta mgonjwa, yeye alikuwa anaomba rotli, mboga ya majani na chaas tu na walimpa bila shida.

Mithai inabadilika siku kwa siku. Tumekula basundi, maziwa yaliyochemshwa taratibu mpaka yakapungua yakawa mazito rangi ya krimu, tumekula gulab jamun, ambayo ukimwonjesha mtu wa Unguja atasema hii kaimati imetengenezwa na maziwa. Ila kwangu mimi shrikhand na puri haijapata mpinzani pale ndani. Watu walituambia mngekuja Mei mngekula aamras, juisi nzito ya maembe ya kesar kutoka upande wa Gir, nayo inaliwa na puri vile vile, sisi Januari tuliikosa na bado naiwaza.

Januari lakini ina zawadi yake. Tarehe 14 ni Uttarayan, mji mzima unapanda juu ya mapaa kurusha tiara, kuanzia alfajiri mpaka usiku, ukikata uzi wa tiara ya jirani mtaa mzima unapiga kelele. Na chakula cha siku hiyo ni undhiyu, yani mboga mchanganyiko, na jalebi, mithai ya mizunguko ya kukaanga iliyochovywa kwenye shira, vinaliwa pamoja kwenye sahani moja, hamna mjadala. Mama hakuweza kupanda ngazi na goti lake, wenye nyumba tuliyopanga wakamletea chini, mama mwenye nyumba kabeba sahani mwenyewe akasimama mlangoni kumtazama anavyokula. Mama akaanza kufukunyua ile undhiyu kwa vidole anahesabu: biringanya ndogo, viazi vitamu, kiazi kikuu cha zambarau, ndizi mbichi, mbaazi mbichi. Akasema hivi vyote viko shambani kwetu Muheza. Zamani wanasema inapikwa kwenye vyungu vilivyogeuzwa juu chini na kufukiwa na moto, ndipo jina lilipotoka. Ina mafuta mengi, ina kitunguu saumu kibichi na giligilani, ni chakula kizito kweli, na ile jalebi nyembamba ya moto inayovunjika mdomoni inaupasua uzito wote huo. Mama alirudishiwa jalebi mara mbili.

Asubuhi yake nilikuwa nimeenda kuangalia zinavyokaangwa pale kona. Jamaa amekaa amekunja miguu mbele ya karai pana la samli lisilo na kina, mkononi ana kitambaa chenye tundu kimejaa uji wa unga uliolala ukachachuka, anaminya huku mkono unazunguka, mizunguko mitatu anakata, mizunguko mitatu anakata, karai linajaa kama maandishi. Zikiwa ngumu kidogo anazitupa kwenye shira ya zafarani anahesabu kichwani sijui mpaka ngapi, anatoa. Zikikaa sana zinalegea, zikikaa kidogo ndani zinabaki tupu. Asubuhi watu wanazila na fafda, vile vipande virefu vya unga wa dengu vya kukaanga, pembeni pilipili nzima iliyopitishwa kwenye mafuta na papai bichi lililokunwa. Nilifanya hivyo Jumapili tatu mfululizo.

Kuna kosa lilinipata naomba wengine wasirudie. Usiku wa mwisho kabla ya safari nilinunua maboksi matatu ya barfi, mithai ya maziwa ya kukata vipande, kwenye duka moja karibu na tulikofikia, sitalitaja, muuzaji akaniapia zinakaa wiki mbili bila friji. Nilikuwa nawapelekea wajomba na mashangazi. Kufungua Dar siku ya tatu, zimechacha, zimetoa maji, boksi zima harufu, nilisikitika sana maana hela ile ilikuwa imebanwa kwenye bajeti ya dawa. Kilichopona ni mohanthal niliyonunua mchana ule kwingine, hiyo ni unga wa dengu uliokaangwa kwenye samli mpaka ukawa mwekundu na chenga chenga, ukakamatishwa kwa shira na kuwekewa lozi na iliki, haina maji maji ya maziwa kwaiyo inavumilia safari. Kwaiyo mithai za maziwa, barfi, peda, basundi, zile kule kule, za unga wa dengu na samli ndio za kubeba.

Gopi ningerudi kesho. Nenda mchana, usile chochote asubuhi, usiogope mhudumu akikujazia, ukitaka kupumzika funika kibakuli kwa kiganja. Na kibakuli cha mithai kikija, kiache hapo hapo mbele, anza nacho.

Kwa walioko Dar, jalebi na mohanthal Kisutu zipo, nunua asubuhi zikiwa za moto ukale na mbaazi au na mchuzi wa viazi wenye ndimu, mi nimeshajaribu inakubali. Shrikhand natengeneza mwenyewe, maana mtindi ukiwa mzuri haina ugumu. Sasa hivi navyoandika lita tatu zinaning'inia kwenye kitambaa cheupe juu ya sinki, tangu jana usiku, maji yameanza kudondoka moja moja, na mama kaniuliza mara ya pili kama unga wa puri nimeshaukanda.