Rimoti moja ya TV, king'amuzi na sabufa: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa vya umeme jirani na Soko Kuu hapa Arusha na kuulizia rimoti moja ya kuendesha kila kitu sebuleni, utawekewa mezani aina tatu, zote zikisifiwa kwa maneno yaleyale: "Hii inakubali zote, bosi." Ya kwanza ni ya kampuni moja, Samsung tupu au LG tupu; ukiitia betri inafanya kazi papo hapo, lakini ni ya TV hiyo basi. Ya pili ni ya namba, inakuja na kikaratasi kilichojaa tarakimu nne nne. Ya tatu ni ya kukopi: inasikiliza rimoti yako ya zamani na kuiga inachosikia. Kwa sebule zetu zenye TV ya Kichina, king'amuzi na sabufa, hii ya tatu ndiyo yenye maana, na inunuliwe wakati rimoti za zamani bado ni nzima. Rimoti iliyokufa haikopiki.

Ninayoitumia ni ya Kichina, imefika kwa shilingi 18,000 bila betri. Ina vitufe vitatu vya kuchagua kifaa juu kabisa, na chini yake vitufe 40 vya kawaida. Inatumia namba na kukopi pia. Inaendesha TV ya inchi 43, king'amuzi cha dishi na sabufa ya spika mbili. Kuna pia stiki ya intaneti, kile kijifaa cha kuonyesha video za mtandaoni kwenye TV, iliyochomekwa kwenye HDMI, ambayo haikuwezekana kabisa, nitaifikia.

Nianze na namba, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokatia tamaa. Kikaratasi kimepangwa kwa majina ya kampuni. Unashikilia kitufe cha TV mpaka taa nyekundu iwake bila kuzima, unaingiza tarakimu nne, taa inazima, unajaribu sauti. Kwa Sony, Samsung, LG na Panasonic utapata ndani ya majaribio mawili matatu. Kwa TV za majina tunayoyaona madukani kila mwaka jipya, kikaratasi hakikusaidii, maana jina lililobandikwa mbele halikuambii bodi iliyo ndani. TV mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na bodi moja, na mbili za jina moja zikawa na bodi tofauti. Upande wa ving'amuzi, kikaratasi changu kimejaa kampuni za kebo za Marekani na Ulaya. Azam na StarTimes hazimo. Sabufa haina hata kichwa cha habari.

Ipo njia ya kujitafutia, na kwa TV inafaa. Washa TV, elekeza rimoti, shikilia kitufe cha TV mpaka taa iwake, kisha bonyeza cha kuwasha na kuzima. Rimoti inaanza kurusha namba moja baada ya nyingine, karibu kila sekunde. TV ikizima tu, bonyeza kitufe chochote papo hapo ili isimame. Kosa la kwanza ni kuchelewa: ukisita sekunde mbili namba imeshapita na unaanza upya. La pili ni kushangilia mapema. Namba inaweza kuzima na kuwasha TV huku sauti na menyu havijibu, kwa kuwa imefanana kwenye kitufe kimoja tu. Jaribu sauti, chaneli, menyu na kile cha kuchagua HDMI kabla hujasema umemaliza. Kimoja kikikataa, endelea na msako. Kwangu namba ya tatu iliyokubali ndiyo iliyoshika vyote isipokuwa cha HDMI, nacho nikakikopi kutoka rimoti ya zamani. Kuchanganya hivyo, namba kwa vitufe vingi na kukopi kwa vilivyobaki, kunaokoa muda sana.

Sasa kukopi kwenyewe. Weka betri mpya kwenye rimoti zote mbili, hasa ile ya zamani. Betri iliyochoka inatoa mwanga hafifu, rimoti mpya inanasa nusu ya ujumbe, na utakuja kuilaumu bure. Zilaze mezani zikitazamana kichwa kwa kichwa, jicho kwa jicho, zikiachana sentimita 2 hadi 5. Kama rimoti moja ni nene kuliko nyingine, inua ile nyembamba kwa daftari mpaka majicho yalingane. Hili dogo ndilo lililonikwamisha kwenye king'amuzi, ambacho rimoti yake ina tumbo. Funga pazia. Zima taa za tyubu na zile za kubana umeme, maana nazo hutoa miale inayovuruga.

Chagua kifaa, shikilia kitufe cha SET kama sekunde 3 mpaka taa iwake moja kwa moja. Gusa kitufe unachotaka kukifundisha, taa inapepesa. Bonyeza kitufe kilekile kwenye rimoti ya zamani, kwa mguso mfupi. Usikikandamize, kwa sababu rimoti nyingi ukishikilia kitufe hurusha ujumbe tofauti wa "bado nimebonyeza", na huo ukinaswa, kitufe chako kipya kitakuwa bubu au kitarukaruka. Taa ikipepesa mara tatu haraka, imenasa. Ikizima bila kupepesa, haikunasa, rudia. Ukimaliza vyote, gusa SET kutoka. Usipogusa kitufe chochote kwa sekunde 15 hivi inajitoa yenyewe, basi andika orodha kabla hujaanza, la sivyo utasimama kufikiri katikati na kuanza tena.

Kwa king'amuzi orodha yangu ilifika 23: tarakimu 10, mishale 4, OK, kurudi nyuma, menyu, ratiba ya vipindi, maelezo, chaneli juu na chini, kuwasha, na kitufe cha redio. Sabufa ilihitaji 8 tu. Kazi yote, na marudio, ni nusu saa. Kila baada ya vitufe vitano toka kwenye SET ujaribu kwenye kifaa chenyewe, maana taa kupepesa mara tatu kunasema tu kwamba kitu kimenaswa, hakusemi kimenaswa sawasawa.

Faida kubwa ya rimoti hii wengi hawaigusi. Ukiwa kwenye king'amuzi, kitufe cha sauti kwa kawaida kinapandisha sauti ya king'amuzi, na hiyo si sauti unayoitaka. Unataka ya sabufa. Basi usikopi sauti ya king'amuzi hata kidogo. Ukiwa upande wa king'amuzi, fundisha vile vitufe vitatu vya sauti, yaani juu, chini na kunyamazisha, kutoka rimoti ya sabufa. Fanya hivyo hivyo upande wa TV. Acha sauti ya king'amuzi ikiwa juu karibu na mwisho, ya TV uizime, na kuanzia hapo kitufe kimoja cha sauti kinagusa sabufa popote ulipo. Mgeni anayekuja kuangalia mpira anaishika na kuitumia bila kuelekezwa.

Pia kopi kitufe cha INPUT cha sabufa, kile cha kuchagua chanzo cha sauti, hata kama unadhani hutakihitaji. Umeme ukikatika na kurudi, sabufa nyingi hurudi kwenye Bluetooth zikiwa zimesahau kwamba zilikuwa kwenye AUX, yaani tundu la waya wa sauti. Bila kitufe hicho utainuka kila umeme unaporudi, na sote tunajua ni mara ngapi.

Kinachoudhi zaidi hakimo ndani ya rimoti. Sabufa za bei nafuu zina bodi zinazofanana, na nyingi zinasikiliza anwani ileile ya ujumbe. Matokeo yake unabadilisha chaneli na sabufa inaruka kutoka AUX kwenda kwenye flashi, au unaongeza sauti ya TV na sabufa inabadilisha wimbo. Hakuna namba ya kutibu hilo, kwa kuwa vifaa viwili vimeitikia jina moja. Nimetibu kwa selotepu nyeusi ya umeme: kipande cha upana wa kidole kwenye jicho la sabufa, nikaacha mwanya wa milimita 2 upande wa kulia. Mwanya huo unatosha ukielekeza rimoti kwa makusudi kutoka upande huo, na hautoshi kunasa miale inayoelekea TV. Si kazi ya kupendeza macho. Inafanya kazi.

Jambo jingine la kiufundi, kwa wanaoulizia kwa nini rimoti yao inakubali wakiwa mita mbili na kukataa wakikaa kwenye kochi. Miale ya infraredi, ule mwanga usioonekana unaorushwa na rimoti, haiwaki tu, inapepesa kwa kasi, na jicho la kifaa limetegwa kusikia kasi moja. Vifaa vingi viko kwenye kilohezi 38, yaani mapepeso 38,000 kwa sekunde, Sony 40, na mfumo wa zamani wa Philips uitwao RC-5 uko kwenye 36. Baadhi ya rimoti za bei ya chini zikikopi huandika kila kitu kama 38. Jicho lililotegwa 40 linaisikia kwa umbali mfupi tu, kama redio iliyopitiliza stesheni. Kwa Sony, basi, tumia namba badala ya kukopi.

Hiyo RC-5 ina kituko kingine. Kila unapobonyeza upya, ujumbe unabadilisha alama moja ndogo ili kifaa kijue kwamba kidole kiliinuka. Ukikopi, alama inaganda. Ukibonyeza 1 mara mbili kutafuta chaneli ya 11, kifaa kinadhani kidole bado kiko palepale na kinakupa 1. Mwenye amplifaya au TV ya zamani ya Ulaya akiona 12 inakubali na 11 inakataa, asihangaike na fundi. Afundishe ile 1 mara mbili kwenye vitufe viwili tofauti, kwa mibonyezo inayofuatana, na kila kimoja kitabeba alama yake.

Jua la saa kumi jioni likiingia kwa dirisha la magharibi na kupiga TV usoni, masafa yanashuka kutoka mita 7 hadi chini ya 3. Hapo ni pazia tu.

Stiki ya intaneti haikubali kwa sababu rimoti yake inaongea kwa Bluetooth, na rimoti ya kukopi haina sikio la Bluetooth. Kipimo ni rahisi: fungua kamera ya mbele ya simu, elekeza rimoti ya kifaa, bonyeza. Ukiona kijitaa cha zambarau au cheupe kinapepesa kwenye skrini, ni infraredi na inakopika. Ukiona giza huku kifaa kinaitikia, ni Bluetooth au mawimbi mengine ya redio, usipoteze muda. Tumia kamera ya mbele, kwa kuwa ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachozuia miale hiyo. Baadhi ya rimoti hizi ni mchanganyiko: kitufe cha kuwasha TV na vya sauti vinarusha infraredi, vingine vyote Bluetooth. Afueni yangu imetoka kwenye TV yenyewe. Ukiwasha mpangilio wa HDMI-CEC, ambao Samsung huuita Anynet+ na LG huuita Simplink, TV inapitisha mishale na OK kwenda kwenye stiki kupitia waya wa HDMI. Hapo rimoti moja inaendesha stiki bila kujua kwamba stiki ipo. Kuandika maneno ya kutafuta bado ni mateso, kwa hiyo rimoti ya stiki haijaondoka mezani.

Kipimo hichohicho cha kamera kifanye dukani kabla hujalipa, kwa kila safu ya vitufe. Risiti nyingi zimeshaandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Nenda na rimoti zako za zamani mfukoni na betri zako, ukopi kitufe kimoja palepale kaunta. Kama kuna sabufa kama yako inayopiga muziki mlangoni, jaribu juu yake.

Kasoro za hii yangu baada ya miezi minane: maandishi ya 5 na OK yameanza kufutika. Vitufe havina mwanga, usiku ni kupapasa. Haina kitufe cha kuwasha vyote kwa pamoja, nami silalamiki, kwa sababu vifaa vyetu hutumia ujumbe mmoja kuwasha na kuzima. Kimoja kikiwa tayari kimewaka, kitufe cha pamoja kitakizima na kuwasha vingine. Vumbi la huku limeshafanya mshale wa chini ukatae. Nilifungua kwa kadi ya simu iliyoisha, kuanzia upande wa betri, nikafuta bodi na raba za vitufe kwa pamba yenye spiriti, nikaacha ikauke dakika 10. Ikarudi kawaida. Usikwangue zile raba nyeusi kwa kucha. Huo weusi ndio unaopitisha umeme.

Betri ni mbili za AAA. Zile za kawaida za bei ya chini zilidumu miezi mitatu na moja ikaanza kuvuja kwenye springi, kwa hiyo nikahamia alkalaini, ambazo bado ziko ndani. Za kuchaji ni volti 1.2 kila moja, na rimoti hii haizipendi: inawaka, lakini masafa yanapungua na kukopi kunakosea. Wakati wa kubadilisha, fanya haraka. Hii yangu inatunza vitufe ilivyofundishwa hata bila betri, lakini ile namba ya TV iliisahau mara moja ilipokaa wazi usiku kucha, na sasa nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha betri.