Kinundu usoni mwa mtoto: ekografia kwanza au kisu moja kwa moja?
Mama wa Kadutu akiona kinundu kwenye uso wa mtoto, Bukavu nzima humshauri: kimoja kati ya ekografia (picha ya ultrasound) na kisu, yaani upasuaji.

Ekografia haiumi, haina mionzi, na mtoto halazwi usingizi. Huonyesha kama ndani kuna majimaji, mishipa ya damu au chokaa. Kinundu kigumu kama kokoto, chenye rangi ya bluu chini ya ngozi, mara nyingi ni pilomatrikoma, uvimbe usio saratani unaotokana na mzizi wa unywele. Lakini jina la uhakika hutolewa na hadubini, na hapo kisu hushinda: kinaondoa uvimbe na kuleta nyama ya kupimwa. (Hemanjioma ya kawaida, uvimbe wa mishipa ya damu, ile nyekundu inayokua haraka miezi ya kwanza, macho ya daktari hutosha.)

Ila katikati ya pua, taratibu! Kinundu cha tangu kuzaliwa, hasa chenye kitundu kilichotoa unywele, kinaweza kuwa dermoidi, kifuko cha ngozi kilichobaki ndani, yenye njia hadi ndani ya fuvu. Hapo hata sindano ya kuchukua kipimo usikubali kabla ya skana (CT) au IRM (MRI), picha za ndani ya kichwa. Kwa kinundu hicho cha pua ningesafiri mbali kutafuta picha. Kokoto ya shavuni ningemwachia mpasuaji.